Manyanga ya Shemeji Kassimu

Amiri wa Nanyamba alivunja kibuyu cha shemeji yangu mbele ya ukumbi mzima, na watu wakacheka. Miaka yote hiyo nimekaa naye kooni kama mwiba wa samaki. Akipita njia hii, mie napita ile. Watu wakaja kunambia, "Bi Sabra, samehe, dini inasema samehe." Nikawauliza, dini hiyo inasema na mie peke yangu? Yeye haijamwambia aombe msamaha?

Lakini simsemi Amiri hapa. Namsema Kassimu, shemeji yangu, aliyemuoa mdogo wangu Tatu.

Kassimu ni mtu wa Mahurunga, kule bondeni kwa mpunga na viboko. Mwembamba huyo, ukikutana naye njiani unaweza kudhani ni mti wa muhogo umevishwa kofia. Shule hana. Mali hana, mikorosho michache tu ya urithi na nusu yake imezeeka. Mungu alichompa ni mkono. Anatikisa manyanga kwenye bendi yao ya Mahurunga Jazz. Si unayajua manyanga? Vile vibuyu viwili vidogo vyenye mpini, ndani mna mbegu, anavyotikisa mtu aliyesimama nyuma ya wapiga magitaa, mtu ambaye hakuna anayemwangalia. Bendi yao inapiga chacha, rumba na bolero, mambo ya Kuba huko, yaliyokuja kwenye santuri sie tukiwa wasichana. Zamani Mtwara hii kijana asiyejua chacha alikuwa anazeekea kwa mama yake.

Alipokuja kuposa, mie sikumtaka. Nikamwambia baba, "Huyu atamlisha nini Tatu? Mlio?" Baba akasema muulize mwenyewe. Nikamuuliza.

"Dada, mie namtaka."

"Unamtakia nini?"

"Anasikiliza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanamume kusikiliza nayo ni sifa? Nimekuja kuolewa mara mbili ndiyo nikajua mdogo wangu alikuwa na akili kunishinda.

Nikienda kwao Mahurunga nawakuta hivi: Tatu yuko uani anatwanga muhogo mkavu, kanga kaifunga kifuani, kila mchi ukishuka shanga zake zinalia kiunoni. Kassimu kakaa barazani na vibuyu vyake, macho kayafumba, anamfuata. Mchi ukienda pole pole naye pole pole, mchi ukikimbia naye anakimbia, na hapo ndipo chacha yenyewe inapotoka. Tatu akimwona kanogewa, anakosesha mchi makusudi. Kassimu anapotea. Tatu anacheka, "Umeanguka, bwana! Inuka tuendelee." Wanaanza upya. Mie nimekaa pembeni nachagua mchele, najifanya siwaoni. Muhogo wa nyumba ile ulikuwa laini kama poda, maana ulitwangwa mpaka wimbo uishe.

Shanga zile nilizitunga mie kwa mikono yangu, Tatu alipotoka unyagoni. Shanga za mwanamke hazisemwi ovyo. Anazijua aliyezitunga, anazijua mvaaji, na mumewe, basi. Mama yako mzazi hakuulizi. Ningekufa nazo moyoni mie. Nazitaja kwa sababu walizitaja wengine kwanza, tena kwa kipaza sauti.

Watoto hawakuwakalia. Wawili walikuja, wakarudi walikotoka. Halafu presha ikamchukua Tatu mwenyewe, asubuhi tu, anawasha moto. Mie ndiye ninayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu mjini, kazi hiyo nimeifanya tangu nywele zangu nyeusi, na mdogo wangu nilimwosha mwenyewe. Shanga nikazivua, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Kwa desturi zilikuwa zangu.

Matanga yalipoondoka, Kassimu akaja kwangu. Akakaa kizingitini, hakuingia.

"Dada, naziomba zile."

"Za kufanyia nini?"

"Sijui. Nyumba imenyamaza sana."

Nikampa.

Nimekaa, mwezi ukapita na mingine, nikaalikwa arusi na bendi iliyokuja ni hiyo hiyo ya Mahurunga. Niko na sahani yangu ya pilau, wakaanza chacha. Tonge nikalirudisha sahanini. Nakwambia alikuwa Tatu anapita nyuma yangu, mlio ule ule wa kiunoni. Nikageuka kabisa, nikijua nimemzika. Nikageuka tena jukwaani, namwona Kassimu na vibuyu, macho kayafumba.

Nilimsubiri ateremke. "Kassimu! Umemtia mdogo wangu kwenye kibuyu?"

Akanitazama kama mtoto aliyekutwa jikoni. "Mbegu zilikuwa hazinifuati tena, dada. Nazitikisa, napotea. Yeye ndiye aliyekuwa ananishikia mapigo."

Nikamtukana kidogo, kwa ajili ya heshima. Halafu nikaenda chooni kulia. Kutoka siku hiyo kila walipopiga nilikwenda, na wenzangu wakadhani nimependa ngoma uzeeni.

Sasa hapo mjini Mtwara kuna sherehe inafanyika kila mwaka, redio moja ndiyo inayoiandaa, korosho zikishauzwa na watu wana nyuso za kucheka. Wanaita Tuzo ya Chacha. Bendi za zamani zinakusanyika ukumbini Shangani tangu alasiri, kila bendi inapiga, waamuzi wanakaa mezani na maji yao ya chupa, na mshindi anapewa kikombe kinachong'aa. Kikombe hicho kilikuwa kama mali ya Amiri na bendi yake ya Nanyamba. Amiri ndiye mwimbaji wao, mtu mzuri wa sura, sauti tamu, viatu vyeupe. Mwaka nenda mwaka rudi anapanda, anapokea, anashukuru mama yake.

Mwaka ule Mahurunga Jazz wakapiga bolero moja halafu wakaingia kwenye chacha. Jamani. Wazee walioingia na fimbo waliziacha kwenye viti. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo, kalamu kaiweka anapangusa macho. Kila mtu ukumbini alijua kikombe mwaka huo kinakwenda bondeni. Amiri naye alijua.

Akasimama pale pale bendi haijateremka. Akachukua kipaza sauti kwa Frank, yule kijana wa redio anayeendesha sherehe. Akasema, "Waheshimiwa waamuzi, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini hii si chacha. Hii ni ngoma ya mganga. Sikilizeni yale manyanga, yanalia kama mtu! Watu wazima wanatupa fimbo, wanalia hawajui wanalilia nini. Hapa tumerogwa. Vibuyu vifunguliwe tuone kilichomo."

Sasa, kwetu huku manyanga ni ya bendi, na ni ya mganga pia. Mganga akitaka kuita pepo ndiyo hayo hayo anayotikisa. Kwa hiyo neno lile halikuanguka chini. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Waliokuwa wanacheza wakakaa.

Frank kwao mbali, hajui hili wala lile. Akasema kwa adabu tu, "Mzee Kassimu, tufungue kimoja, tuone, tumalize. Kama ni mbegu si mbegu?"

Kassimu akasema, "Tukafungulie chumba cha nyuma, mwanangu. Si hapa."

"Kwa nini si hapa?"

Akanyamaza. Unaelewa kwa nini alinyamaza? Angesema nini? Aseme, humu mna shanga za kiuno za mke wangu? Mbele ya wanaume mia wanaotafuna karanga? Hiyo si ni kumvua Tatu nguo ukumbini? Akavikumbatia vibuyu kifuani, akasema tena, "Si hapa, nawaomba." Na kila alipoomba ndivyo alivyozidi kuonekana mchawi.

Amiri akamfuata, akampokonya kimoja, akakipiga kwenye ukingo wa jukwaa.

Zikamwagika. Bluu na nyeupe na nyekundu, zikaruka, zikabingirika chini ya viti. Halafu mwanamume mmoja akapiga mluzi, kwa sababu shanga za kiunoni mwanamume anazijua hata akiwa kipofu. Watu wakapasuka kucheka. Halafu mwanamke mmoja nyuma kule, mdomo wake uoze, akapiga kelele, "Huyo mkewe si alikufa? Shanga za maiti hizo!"

Kicheko kikakatika. Watu wakanyanyua miguu yao wasizikanyage, kama wanaona nyoka.

Kassimu alikuwa amepiga magoti anaokota. Nikatoka kwenye kiti changu, nikavua mtandio, nikautandaza chini, tukaokota wawili. Hakuna aliyeinama kutusaidia. Amiri alichukua kikombe chake jioni ile, akamshukuru mama yake.

Kikombe kingekuwa peke yake, ningesahau. Lakini jina lilimganda Kassimu. Mchawi. Anatumia vitu vya maiti. Bendi yake ikaacha kuitwa kwenye arusi, na wenzake, kwa aibu aibu, wakamwambia apumzike kwanza. Msikitini watu wakawa wanaacha nafasi upande wake wa kulia na wa kushoto. Akipeleka muhogo sokoni, wanaupita wanakwenda kununua kwa jirani, uliochimbwa shamba lile lile. Mtu ambaye maisha yake yote ni kumsikiliza mwenzake, sasa hakuna anayesema naye.

Nikamwambia, "Waambie ukweli. Nenda redioni, sema."

"Niseme nini, dada? Nimtaje tena?"

"Basi tengeneza vibuyu vingine, upige."

"Siwezi kumtikisa mbele ya watu waliomcheka."

Shanga alizirudisha kwangu, nikaziweka. Yeye akarudi bondeni kufukuza ndege kwenye mpunga.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Uniambie nisamehe.

Basi mwaka jana, mvua zinaanza, nikaitwa. Hadija amefariki. Hadija mke wa Amiri, maana walishahamia mjini, wanakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Mwanamke mpole, sikuwahi kusikia neno lake. Waoshaji wengine mmoja alikuwa Nanyamba na mwingine mguu umevimba. Wanawake waliokuja kuniita wakasimama mlangoni wanatazamana. Mmoja akasema, "Bi Sabra, kama moyo hautaki, tutatafuta mwingine."

"Moyo hauoshi maiti," nikawaambia. "Mikono ndiyo inaosha. Leteni maji."

Nikaenda. Nilichokiona chumbani hakitoki chumbani, kazi hii ndivyo ilivyo. Nasema hili moja tu kwa kuwa Amiri mwenyewe amelisema hadharani: mkewe naye alikuwa na shanga zake. Nikazivua. Zilipaswa kwenda kwa dada yake, naye dada hana. Wenzangu wakasema mpe binti wa kaka yake. Nikasema, hapana, hizi najua zinakokwenda.

Alikuwa kakaa nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, peke yake. Viatu vyeupe hana, yuko pekupeku. Aliponiona akasimama haraka, akadhani nimekuja kumalizia ugomvi.

"Shikamoo, dada."

"Kaa. Fungua mkono."

Nikamwekea kitambaa mkononi. Akakifungua pembe moja, akaona, akafunga. Akafungua tena.

"Za Hadija," akasema.

"Za nani tena?"

"Nifanye nini nazo?"

"Mie nitajuaje? Zitupe. Zivunje ukumbini. Hiyo kazi unaijua."

Nakwambia kweli, nilikuwa nimeliandaa neno hilo njia nzima, na nilipolisema halikuniletea raha niliyoitegemea. Alikaa chini kwenye matope na kile kitambaa kakiweka shavuni, akaanza kulia kwa sauti kama mwanamke, na mimi ikabidi nisimame pale nimkinge kwa kanga yangu wanaume wasimwone. Nikasimama mpaka akamaliza. Wakamwita kwenda kuswalia jeneza, akajipangusa.

"Nilijua," akanambia.

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Nilijua si uchawi. Nilijua tumeshindwa."

Nikamwambia, "Unanambia mimi? Mimi ndiye uliyemdanganya? Uliwadanganya watu wote, kawaambie watu wote." Nikaondoka.

Baada ya hapo korosho zikaiva, zikauzwa, sherehe ikafika. Nikaenda Mahurunga kumfuata Kassimu. Hakutaka. "Dada, mimi ukumbi ule nimeshautoka." Nikamwambia, "Sikuulizi unataka nini. Vaa kanzu." Kwa sababu sikuwa na uhakika Amiri atasema, lakini nilitaka, akikaa kimya, akae kimya huku Kassimu anamtazama.

Tukakaa safu ya nyuma. Watu wakatuona, wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki na viti vitupu huku na huku kama tuna ndui. Kassimu kaangalia mikono yake. Mie nimekaza shingo.

Bendi zikapiga. Nanyamba wakapiga, na siyo uongo, Amiri aliimba vizuri. Alipewa kikombe. Frank akampa kipaza sauti, akangoja amshukuru mama yake.

Amiri akakiweka kikombe sakafuni. Akasema, "Hiki si changu. Hata kile cha mwaka ule hakikuwa changu." Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu. Akawanyamazisha kwa mkono.

"Mnakumbuka nilivunja kibuyu hapa. Nikasema mzee Kassimu anaroga. Nilisema uongo. Nilijua ni uongo wakati nasema. Bendi yao ilitushinda, mimi nikaona aibu, nikatafuta maneno, na neno la uchawi ndilo linalowaingia watu haraka."

Akaingiza mkono mfukoni.

"Mke wangu amefariki, wote mmenizikia. Shanga zake ninazo mfukoni, ziko hapa. Nalala nazo. Natembea nazo. Kama huo ni uchawi, na mimi ni mchawi. Mzee yule alikuwa anapiga na mke wake. Basi. Tulichokisikia tukalia ni mtu anampenda mkewe."

Mie nikasimama. "Ana jina!" nikapaza. "Ulizimwaga shanga zake, mtaje jina!"

Frank akataka kunituliza, "Bibi, tafadhali..."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye uliyetaka vifunguliwe!"

Amiri akasema kwenye kipaza sauti, "Tatu. Tatu binti Abdallah, wa Mahurunga. Marehemu, niwie radhi. Mzee Kassimu, niwie radhi. Na ninyi wote mliomkimbia kwa neno langu, neno lenyewe nimelirudisha."

Akateremka jukwaani. Akaja mpaka safu ya nyuma, watu wanageuza shingo, akapiga magoti mbele ya Kassimu, na suruali ile ya kupigiwa pasi. Mie nilikuwa tayari kumwona Kassimu anamtemea mate, na ningemshikia kofia. Lakini shemeji yangu si mimi. Akamshika Amiri mabega, akamwinamia sikioni, akamuuliza kitu. Mie niko karibu, nikasikia.

"Unalala?"

Amiri akatikisa kichwa.

"Hutalala," Kassimu akasema. "Ziweke karibu na kitanda. Ukigeuka usiku, ziguse. Inasaidia kidogo."

Wakakaa hivyo, mmoja kitini mmoja sakafuni, mpaka Frank akaona aibu ikabidi awaambie bendi wapige chochote.

Watu wakaanza kurudi, safu yetu ikajaa ghafla kama viti vile vina asali. Mie nikawatazama mmoja mmoja, na niliowakumbuka niliwaambia nilichokuwa nacho. Mama mmoja akaja kwa Kassimu, akakaa, kajitanda vizuri, akasema, "Mzee wangu, binti yangu anaolewa baada ya mfungo. Tunataka Mahurunga Jazz. Lakini tunataka na wewe mwenyewe uwepo."

Kassimu akanitazama mie, sijui ananiomba tena zile shanga ama nini. Mie nikaangalia pembeni, sikutaka anione macho.

"Nitakuja," akamwambia yule mama. "Ila nipeni muda. Vibuyu vya mwaka huu bado vibichi."